Upote wa Uta wa Babu



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili niwaeleze wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi habari za upote, yaani ule uzi wa uta unaorusha mshale. Najua wako watakaocheka na kusema, "Huyu yuko Kidato cha Nne, mtihani uko mlangoni, naye anacheza na nyuta kama mtoto wa kuchunga mbuzi!" Na wacheke, lakini wasome mpaka mwisho. Mimi nina kovu chini ya jicho la kushoto, nalo nililipata kwa kutojua mambo haya ninayoyaandika.

Chanzo chake ni hiki. Chama chetu cha historia kilitunga mchezo wa kuigiza baraza la Mukama wa zamani, ili uonyeshwe siku ya wazazi. Mlinzi wa Mukama alihitaji uta. Wenzangu walitaka kukata fito na kufunga kamba, lakini mimi nikajigamba kwamba kwetu Muleba upo uta wa kweli. Katika likizo fupi ya mwezi wa nne nikamwomba babu. Uta huo aliachiwa na baba yake, aliyeutumia kufukuza tumbili katika kibanja, na urefu wake ulinifikia kidevuni. Babu aliutoa juu ya mlango, akaufuta vumbi kwa kiganja, akanipa kwa mikono miwili. Alisema maneno machache tu: "Upote wake umekufa. Usiuvute mpaka uwe na upote wa haki." Nikaitika, "Ndiyo, babu," wala sikuuliza upote wa haki ni upi.

Upote ule wa zamani ulikuwa wa kano za ng'ombe. Ulikuwa umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, na upande mmoja panya walikwisha kuutafuna. Nikautupa. Mahali pake nikafunga nailoni ya wavuvi, kwa maana kila mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anajua jinsi ilivyo imara. Sangara mkubwa hutolewa majini kwa uzi mwembamba wa nailoni, sembuse kamshale ka mchezo wa kuigiza!

Siku ya kwanza uta ulikwenda vizuri. Siku ya pili upote ulilegea, nikaufungua na kuufupisha. Siku ya tatu ukalegea tena, nikaufupisha tena, na kila mara nikaongeza fundo. Siku ya nne, nilipovuta mpaka shavuni ili kuwaonyesha wadogo wa Kidato cha Kwanza, nalisikia mlio kama wa kiberiti kikubwa. Upote ulikatika. Ncha yake ikanichapa chini ya jicho, na uta ukaruka mbele na kupasuka karibu na ncha ya juu, vidole vinne hivi. Damu ilinitoka, lakini nasema kweli, nilikuwa nautazama ule ufa kuliko nilivyolijali jicho. Muuguzi aliyenisafisha alisema kwamba kama upote ungepiga juu zaidi kwa upana wa kidole kimoja, leo ningekuwa nasoma kwa jicho moja.

Mwalimu wetu wa Fizikia hakunigombeza. Aliviokota vipande vya upote, akaviweka juu ya meza ya maabara, akasema, "Haya, marehemu huyu kauawa na nani? Usiniambie tu kwamba alikuwa dhaifu." Basi hapo ndipo somo lilipoanza.

Tulipotazama vizuri tuliona kwamba nailoni haikukatika katikati, mahali nilipokuwa nikivuta. Ilikatika kwenye fundo, pale ilipopita juu ya ukingo wa pengo la ncha ya uta. Ukingo ule nilikuwa nimeuchonga upya kwa kisu na kuuacha mkali. Fundo peke yake huweza kupunguza nguvu ya uzi hata kufikia nusu, kwa sababu uzi unapokunjwa ghafla nyuzinyuzi za upande wa nje hubeba mzigo wote na zile za ndani hukaa bure. Hao ni wauaji wawili. Wa tatu ni mimi mwenyewe, niliyekuwa nikiufupisha upote kila ulipolegea. Nailoni huvutika sana, na ikiisha kuvutika hairudi yote. Kila nilipoufupisha, uta ulipinda zaidi ya desturi yake hata kabla sijauvuta.

Ndipo nilipofahamu kwamba uimara si sifa ya pekee ya kutafuta. Kabla ya kuchagua uzi, yapasa kujua kwanza upote hufanya kazi gani.

Chukua mfano wa kamba ya kuanikia nguo nyuma ya bweni. Ikiwa imelegea, fulana iliyolowa maji huivuta chini bila taabu. Ukiikaza mpaka inyooke kabisa kisha ukatundika fulana ile ile katikati, vigingi hung'oka. Mzigo ni ule ule, lakini kamba iliyonyooka hupata mvuto mkubwa sana katika ncha zake. Upote nao uko hivyo. Unapouvuta nyuma, unafanya pembe, na mvuto wake si wa kutisha. Unapouachia, unarudi mbele kwa kasi mpaka unanyooka, na kufumba na kufumbua huo ndio unaozizuia ncha mbili za uta zisiendelee mbele. Hapo ndipo mvuto unapokuwa mkubwa kupita wakati wote, mara kadhaa kuliko nguvu ya mkono wako. Kwa hiyo watengenezaji wa nyuta wana kanuni kwamba upote uweze kubeba mara nne au tano ya nguvu ya kuvutia uta. Uta unaovutwa kwa kilo 15 unataka upote wa kilo 60 mpaka 75. (Mwalimu atanisahihisha kwamba nguvu hupimwa kwa niutoni, na kilo 15 ni kama niutoni 150. Naam, lakini ndoo yetu ya maji haijui niutoni.)

Kutokana na hayo utaona pia kwa nini wazee hukataza kuvuta uta na kuuachia bila mshale. Mshale ndio unaochukua nguvu nyingi na kuondoka nayo. Usipokuwapo mshale, nguvu yote huurudia upote na mti.

Tena upote usiwe mzito. Kila gramu ya uzi ni lazima irushwe pamoja na mshale, nayo haiendi popote. Basi uzi mnene huiba mwendo wa mshale. Na usivutike sana, maana uzi unaovutika huila nguvu ya uta kabla haijafika kwenye mshale. Lakini usiwe mgumu kama waya pia, kwa sababu uta wa mti wa kale ukisimamishwa ghafla mno hupasuka. Hivi ndivyo ilivyo kwa nyuta za kisasa. Wapiga mishale wa michezo walianza kutumia nyuzi za poliesta zinazoitwa Dacron katika miaka ya 1950, ya 1970 ikaja Kevlar, na ya 1980 zikaja nyuzi za aina ya Dyneema ambazo karibu hazivutiki kabisa. Hizi za mwisho hurusha mshale kwa kasi zaidi, walakini mwenye uta wa zamani wa mti huambiwa akae na Dacron.

Nikiwa katika maktaba nalitafuta watu wengine walitumia nini. Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya Alps mpakani mwa Austria na Italia, palionekana maiti ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Watu humwita Ötzi. Katika podo lake mlikuwa na kamba iliyopotwa kwa ngwe tatu, na wataalamu waliochunguza waliona kwamba ni kano za mguu wa mnyama. Inasadikiwa kuwa ni upote wa zamani kuliko pote zote zilizopata kuonekana. Hapa kwetu Tanzania, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutumia kano hata leo. Na kule Kenya, katika nyika ya Tsavo, waliishi wawindaji wa tembo waitwao Waata, ambao majirani zao huwaita Waliangulu. Nyuta zao zilikuwa ndefu na nzito ajabu, na kuzivuta kulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45. Uwindaji huo ulikomeshwa na askari wa hifadhi katika miaka ya 1950, na nyuta zao zimebaki kuwa mfano mkubwa wa Afrika ya Mashariki unaoweza kuwekwa karibu na zile nyuta ndefu za Waingereza zilizosifiwa katika vitabu.

Hao Waingereza hawakutumia kano. Walitumia katani ya bangi na kitani, yaani nyuzi za mimea. Meli yao ya vita iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545 ikainuliwa mwaka 1982, na ndani yake zilionekana nyuta zaidi ya 130 pamoja na mishale kwa maelfu. Unene wa pote zao hupimwa kwa mapengo ya mikia ya mishale, ambayo upana wake ni milimita 3 hivi. Nilipolisoma hilo nalikwenda kupima pengo la mshale wa babu, nikaona ni karibu sawasawa.

Nilijiuliza, kwa nini huyu achague kano na yule achague mmea? Jambo moja kubwa ni mvua. Kano ikilowa hulainika, hunywea maji na kurefuka, nayo nguvu hupungua. Nyuzi za kitani na pamba hazidhuriki hivyo, hata huongezeka nguvu kidogo zikilowa. Eyasi ni nchi kavu, na kano hukaa miezi mingi bila kuharibika. Uingereza mvua hainyamazi. Na Bukoba je? Hapa kwetu hunyesha takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba ya udongo ya zamani ilikuwa na unyevu hata kiangazi. Nadhani ndiyo sababu babu wa baba yangu aliuning'iniza uta wake juu ya mlango unaoelekea jikoni, mahali moshi unapopita.

Baada ya hapo tukajaribu wenyewe. Katika maabara tulipota kamba za unene wa milimita 3 hivi, kila moja urefu wa mita 1, tukazifunga juu kwenye boriti na chini tukatundika ndoo yenye lita 15 za maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hatukuhitaji mizani. Tuliacha kila kamba dakika kumi, tukapima imerefuka kiasi gani, kisha tukaondoa ndoo na kupima tena.

Nyuzi za mgomba ndizo tulizozitumainia, maana zimejaa kila kibanja na kila mtu hufungia mzigo kwazo. Zilikatika kabla ndoo haijafika lita 10. Kamba ya mgomba ni nzuri ikiwa na unyevu, lakini ikikauka huwa kavu kama karatasi, na ukiikunja mahali pamoja mara nyingi huvunjika. Ifungie mzigo wa kahawa, usiifungie uta.

Mkonge ulinishangaza. Tulikata majani katika mpaka wa shamba la shule, tukayaparuza kwa kisu butu juu ya ubao mpaka nyama yote ikatoka, tukaosha nyuzi na kuzianika. Kamba yake ilirefuka sentimita 2 tu. (Mkonge wenyewe si wa asili ya kwetu. Ulianzia Mexico, na Dk. Richard Hindorf ndiye aliyeuleta Tanganyika kutoka Florida mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai Tanga, na kutoka hiyo yakatokea mashamba makubwa yote ya nchi hii.) Lakini nyuzi zake ni nene na ngumu, hazikubali kulala pamoja, na zinapokwaruzana hujikata zenyewe kidogo kidogo. Mtu asiye na kitu kingine atumie mkonge, aupake nta ya nyuki kwa wingi, na abadilishe upote mapema.

Uzi wa pamba ulirefuka sentimita 5, si mbaya sana, ila kamba ilitakiwa iwe nene. Nailoni ilirefuka sentimita 6, na tulipoondoa ndoo ilibaki ndefu kwa sentimita nzima. Nikalitazama lile sentimita moja kama mtu anayetazamana na mwizi wake.

Kano nilizipata kwa mchinjaji mmoja, zile ndefu za mgongo wa ng'ombe. Zilikaushwa siku nne, kisha tukazitwanga polepole kwa rungu la mti juu ya jiwe mpaka zikachambuka kuwa nyuzi nyembamba kama nywele, tukazilowesha kidogo na kuzipota. Harufu yake iliwafukuza wenzangu wawili wakaenda kufanya jaribio la umeme. Kamba ya kano ilikuwa nzuri kupita zote kwa kutazama, ilirefuka sentimita 3 na ikarudi karibu yote. Halafu tukailowesha usiku mmoja. Asubuhi ndoo ile ile iliirefusha sentimita 9, ikawa laini kama tambi. Basi nikajua upote wa babu uliuawa na nini, hata kabla ya panya.

Kilichobaki nilikipata kwa bahati. Nilikuwa sokoni Bukoba kwa fundi cherehani nikingoja suruali, nikaona juu ya gurudumu lake la uzi neno poliesta. Nikakumbuka kwamba Dacron ni jina la biashara la poliesta. Kumbe kitu kile kile kinachotumiwa na wapiga mishale wa Ulaya kiko kwa kila fundi wa mtaani! Nikanunua gurudumu moja. Kamba yake ilirefuka sentimita 3 na ikarudi, na tulipoilowesha haikubadilika.

Mwezi wa sita tulifunga shule. Nilipanda basi kwenda Muleba nikiwa na gurudumu la uzi mfukoni na uta uliopasuka ndani ya gunia. Wiki saba zote hizo sikuwa nimempigia babu simu kumwambia. Nilikuwa nimejitungia maneno mengi ya kujitetea, nikayarudia njiani mpaka Kamachumu ikapita sijaiona.

Nilimkuta amekaa barazani. Nilipiga magoti nikamwamkia, kisha nikafungua gunia bila kusema neno hata moja kati ya yale niliyoyatunga. Nikasema tu, "Waitu, nimeuvunja." Babu hakuutazama uta. Alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga, akaliangalia lile kovu muda mrefu. Akauliza, "Jicho hili linaona?" Nikasema linaona. Akafunika la kulia kwa kiganja chake, akaniambia nihesabu kuku waliokuwa uani. Nikahesabu. Ndipo alipoushika uta, akaupitisha kidole kwenye ufa, akasema, "Mti huu haujafa. Umeumia kichwa. Tutamkata."

Ufa ulikuwa karibu na ncha, kwa hiyo tulikata upana wa kiganja upande wa juu, na kiasi hicho hicho upande wa chini ili pande mbili zilingane. Babu alichonga mapengo mapya, na safari hii niliyasugua kwa mchanga na jani gumu mpaka kingo zikawa za mviringo, laini kama jino la mtoto. Lakini uta uliofupishwa huwa mgumu zaidi kuvuta. Tuliulaza juu ya nguzo mbili, tukatundika ndoo kwenye kamba ya muda, tukaongeza maji mpaka uta ukafika umbali wa kuvutia tulioukubali, sentimita 50 na si zaidi. Zilikuwa lita 16.

Basi hesabu ni hii. Mara nne ya 16 ni 64, mara tano ni 80. Uzi mmoja wa cherehani nilikwisha kuupima kwa chupa ya maji, ukakatika kwenye lita 1 hivi. Ukipota nyuzi pamoja hupoteza sehemu ya nguvu, kwa maana zinakaa mshazari na hazibebi sawasawa. Nikachagua nyuzi 84, katika ngwe tatu za nyuzi 28 kila moja.

Namna ya kupota ni hii, na atakayejaribu aifuate kwa utaratibu. Pigilia vigingi viwili, nafasi yake izidi urefu wa uta kwa kama sentimita 40. Zungusha uzi kati ya vigingi bila kukaza hapa na kulegeza pale. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, maana uzi uliokazwa kuliko wenzake hubeba mzigo wa wenzake, hukatika wa kwanza, na wengine hufuata. Kata, gawa ngwe tatu, zipake kila moja nta ya nyuki mpaka nyuzi zishikamane.

Hapa mimi nilianza kupota kama nilivyosoma, babu akaniondoa mikono. Yeye amepota kamba za mbuzi tangu utoto. Alinionyesha kwamba kila ngwe huzungushwa peke yake kuelekea kulia, lakini ngwe zote tatu hulazwa pamoja kuelekea kushoto. Kila ngwe inataka kujifungua, na kule kutaka kujifungua ndiko kunakokaza wenzake. Mimi nilikuwa nazungusha zote upande mmoja, ndiyo maana kamba zangu za maabara zilifumuka nilipoziachia. Natumaini Mwalimu hatayatupa majibu yetu yote kwa sababu hiyo.

Ncha ya juu haikufungwa fundo. Tulipota kwanza kama sentimita 8 mahali pa kitanzi, tukaikunja, kisha kila ngwe ya mkia tukaiunganisha na ngwe mwenzake wa mwili na kuendelea kupota pamoja kwa sentimita 15. Kitanzi hicho hakina kona kali, na unene wake unapungua polepole. Ncha ya chini tuliacha bila kitanzi, tukaizungusha kwenye pengo na kuirudisha ijizungushe yenyewe mara tatu. Kadiri unavyovuta, ndivyo inavyojibana, tena huweza kufunguliwa na kurekebishwa. Mwisho tuliviringisha uzi mwingine kwa kubana sana mahali pa katikati ambapo mshale hukaa na vidole hushika, ili kusugua kuliwe na uzi huo wa nje, na upote wenyewe usalimike.

Upote uwe mfupi kuliko uta, kiasi kwamba uta ukiwa umefungwa, ngumi yako yenye kidole gumba kilichosimama iingie kati ya upote na kishikio. Siku ya kwanza utalegea kidogo, si kwa sababu uzi umevutika bali ngwe zinakaa mahali pake. Uzungushe mara chache zaidi kuufupisha. Ukiendelea kulegea siku ya tatu na ya nne, acha, chunguza. Usifanye nilivyofanya mimi. Na usiuache uta umefungwa usiku kucha.

Wazazi wasiwe na wasiwasi kwamba nawafundisha wadogo kwenda porini. Kuwinda wanyamapori bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Sisi tulipiga shabaha kwenye mganda wa nyasi uliokuwa mbele ya kichuguu, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama mbele ya mpigaji wala pembeni yake. Mimi nilivaa miwani ya maabara. Majirani walinicheka sana.

Mshale wa kwanza babu aliurusha mwenyewe. Aliuvuta polepole, akaurudisha bila kuuachia, akautazama upote ncha mpaka ncha, akauvuta tena. Mshale uliingia kwenye nyasi mpaka nusu yake. Hakusema kitu. Aliuweka uta gotini, akaupiga upote kwa kidole kimoja, akainamisha kichwa kusikiliza. Katika ujana wake alikaa karibu na mpiga nanga, na nanga yetu ya Kihaya, kama mjuavyo, hufungwa kwa uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huku juu ya mti uliochimbwa. Mpigaji hujua kwa sikio wapi umelegea. Akaupiga tena.

"Huu unasema," alisema. "Ule wako wa wavuvi ulikuwa unanong'ona."

Uta haukuonekana katika mchezo wetu siku ya wazazi. Mlinzi alishika fito iliyofungwa kamba ya mgomba, na hakuna mzazi aliyetambua. Nilipoondoka kurudi shuleni, babu alikuwa ameuning'iniza juu ya mlango ule ule, upote umefunguliwa upande mmoja na kuviringishwa kwenye mti. Gurudumu la uzi lililobaki hakunirudishia. Alilifunga katika kipande cha nailoni ya mfuko, akalichomeka kwenye dari karibu na uta, mahali panya hawafiki.